Kitube cha mate na swali la "unatoka wapi hasa?"

Kama unatafuta ndugu wa damu, kipimo cha DNA cha nyumbani kinaweza kukufaa sana. Kama unatafuta kuambiwa wewe ni nani, kiache dukani. Huo ndio uamuzi wangu juu ya vipimo vinne vinavyojulikana sana, AncestryDNA, 23andMe, MyHeritage na FamilyTreeDNA, nikivipima kwa mahitaji ya watu wa asili ya Asia waliozaliwa au kulelewa mbali na Asia: vitukuu vya vibarua wa mikataba wa Kihindi waliopelekwa Fiji, Trinidad na Natal (Afrika Kusini), watoto wa Korea na China waliolelewa na familia za Ulaya na Marekani, watoto wa wakimbizi wa Vietnam. Hawa huulizwa "unatoka wapi hasa?" hata wakiwa kizazi cha nne mahali walipo. Matangazo ya vipimo hivi yanauza jibu la swali hilo. Jibu lenyewe ni dhaifu kuliko linavyopambwa, na ukijua udhaifu wake unatoka wapi utakitumia kifaa kwa kazi inayokiweza.

Tuanze na kifaa chenyewe. AncestryDNA na 23andMe wanataka mate. MyHeritage na FamilyTreeDNA wanatumia vijiti vya kusugulia ndani ya shavu. Kwa mzee wa miaka 80 ambaye dawa zimemkausha kinywa, chagua vijiti, maana kujaza kitube mate kwake ni kazi ndefu na hukata tamaa katikati. Anayetoa mate asile, asinywe chochote hata maji, asivute sigara wala asitafune chingamu kwa dakika 30 kabla. Mate yafike kwenye mstari, na mstari unahesabu mate, hauhesabu povu: acha povu litulie, kisha ongeza. Ukifunga kifuniko, dawa ya kuhifadhi inashuka ndani ya kitube. Tikisa sekunde chache ichanganyike. Sampuli ikikataliwa maabara, sababu ya kwanza ya kushuku ni mate machache.

Kosa linalouma zaidi halihusu mate. Kila kitube kina namba yake, na namba hiyo lazima isajiliwe mtandaoni kwa akaunti ya mwenye mate kabla kisanduku hakijatumwa. Babu na bibi wakipimwa siku moja kwenye meza moja, maliza cha mmoja mpaka bahasha ifungwe ndipo ufungue cha mwingine. Vitube vikibadilishana, utajenga ukoo mzima upande usio wake, na inaweza kupita miaka kabla hujagundua. Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: aliyepandikizwa uboho asipime, kwa sababu mate yake yana chembe za damu za aliyemchangia, na majibu yatachanganya watu wawili.

Majibu huja baada ya wiki 4 hadi 8 hivi. Maabara haijasoma DNA yako yote. Imesoma nukta zipatazo 600,000 hadi 700,000 kati ya herufi bilioni 3, zile zinazojulikana kutofautiana baina ya mtu na mtu. Kutokana na nukta hizo unapewa vitu viwili kwenye ukurasa mmoja, navyo havilingani hata kidogo kwa kuaminika: ramani ya asilimia, ambayo ni makisio, na orodha ya watu mnaochangia vipande vya DNA, ambayo ni kipimo halisi. Fedha zako zimenunua hiyo ya pili. Ya kwanza ndiyo inayowekwa juu, kwa rangi.

Asilimia hupatikana hivi. Kampuni ina sampuli za kulinganishia, kwa kawaida za watu ambao babu na bibi zao wote 4 walizaliwa eneo moja. DNA yako hukatwa vipande, na kila kipande huulizwa kinafanana zaidi na kundi gani kati ya makundi yaliyopo. Maneno ya kushika ni "kati ya makundi yaliyopo". Kundi lisilokuwemo haliwezi kutajwa, na kipande chake hakiachwi wazi, hupewa jirani.

Sasa tazama nani yumo. Mradi wa 1000 Genomes, hazina ya wazi ambayo wanasayansi kote duniani huitumia, na 23andMe pia, ulisoma watu 2,504 wa makundi 26. Asia Kusini ilipata makundi 5: Wapunjabi wa Lahore, Wabengali wa Bangladesh, Wagujarati wa Houston, Watelugu waliochukuliwa Uingereza, na Watamil wa Sri Lanka waliochukuliwa Uingereza vilevile. Hesabu tena: makundi 3 kati ya 5 ni watu wa ughaibuni. Kitukuu cha kibarua wa Trinidad analinganishwa na mhamiaji wa Houston, kisha anaambiwa huko ndiko India kwake. Sisemi hivyo kuudharau mradi. Bila huo tungekuwa gizani zaidi. Lakini anayeumia kwa kuambiwa "wewe si Mhindi kamili" na ramani ya rangi ajue kwamba kipimo chenyewe kimefinyangwa kwa watu wa hali kama yake.

Uhaba huo hauko kwenye vipimo vya nyumbani tu. Hesabu zilizofanywa kwa tafiti za vinasaba na magonjwa hadi 2018 zilionyesha washiriki takriban asilimia 78 ni wa asili ya Ulaya na asilimia 10 ni wa Asia, bara lenye zaidi ya nusu ya watu wote duniani. Ndiyo maana mtu wa asili ya Ireland anaweza kuonyeshwa sehemu ndogo ya jimbo, wakati kwa miaka mingi Mtamil, Mpunjabi na Mnepali waliwekwa pamoja na 23andMe chini ya jina moja la Asia Kusini. Baadaye majina yaligawanywa, na mojawapo likawa "Gujarati Patidar". Patidar ni jamii moja yenye asili ya wakulima. Jina hilo halimsemei Khoja, Bohora wala Lohana, ingawa wote ni Wagujarati. Mvietnam naye asishtuke akipewa sehemu ya China ya kusini au ya Wadai, jamii ya kusini mwa China. Watu hao ni majirani wa miaka elfu, na kipimo kinashindwa kuona mpaka kwa sababu mpaka wa damu haupo.

Jaribio hili fanya mwenyewe kabla ya kumwonyesha mtu yeyote ramani yako. Kwenye 23andMe tafuta sehemu ya kupandisha kiwango cha uhakika kutoka asilimia 50, ambacho ndicho huonyeshwa kwanza, hadi 90. Majina ya maeneo madogo yatayeyuka na kuwa "Asia Kusini kwa jumla" au "Asia Mashariki kwa jumla". Kwenye AncestryDNA bonyeza asilimia yoyote uone upana wake. Namba iliyoandikwa 12 inaweza kuwa na upana unaoanzia sifuri. Chochote kilicho chini ya asilimia 5 usikijengee hadithi, hasa hadithi ya kumwambia mama mkwe.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wao wa karibu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa zamani wa pwani ya Afrika Mashariki na bara yake, wakiwemo waliozikwa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wa pwani, nusu au zaidi ya nasaba ilitoka Afrika, hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi, na hiyo ilikuja karibu yote kwa akina baba. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Kipimo cha nyumbani kingewapa watu hao duara lenye rangi mbili na kuwaacha hapo. Hakingesema kwamba walizikwa kama Waislamu wa miji yao, na kwamba lugha iliyobaki midomoni mwa vizazi vyao ni ya Kibantu. Serikali za kikoloni zilipokuja kuwagawa watu wa pwani kuwa "wenyeji" na "wasio wenyeji", ziliuliza swali lilelile ambalo duara la rangi hujifanya kulijibu, na majibu yake yakawa kodi, ardhi na haki mahakamani.

Mfano huo unasaidia pia kuamua kama ulipie kipimo cha mstari mmoja ambacho FamilyTreeDNA hukiuza kando. Y-DNA humfuata baba wa baba wa baba. MtDNA humfuata mama wa mama wa mama. Ukirudi vizazi 5 una mababu na mabibi 32. Vipimo hivyo viwili vinaonyesha 2 kati yao. Wale 30 wengine hawamo, kwa hiyo usiruhusu mmoja wa mstari wa baba aubatize ukoo mzima jina lake.

Kwenye orodha ya ndugu ndipo kifaa kinapolipa gharama yake. Kipimo ni sentimogani, yaani urefu wa vipande vya DNA mnavyochangia, na kadiri zinavyozidi ndivyo udugu ulivyo wa karibu. Mzazi na mtoto huchangia takriban 3,400 hadi 3,500. Mabinamu, yaani wajukuu wa babu na bibi mmoja, hukaribia 870 kwa wastani, vitukuu 230, vilembwe 70. Wastani huo una upana mkubwa: wajukuu wa babu na bibi mmoja wanaweza kuwa 400 na kitu au wakazidi 1,200. Vilembwe karibu 1 kati ya 10 hawaonyeshi kipande chochote cha pamoja ingawa ni ndugu kweli, hivyo kutokuwemo kwenye orodha ya mtu hakumkani mtu.

Kwa familia za Asia Kusini orodha hiyo ina mtego, na vipimo havikutahadharishi vya kutosha. Watu wa jamii moja wakioana wenyewe kwa wenyewe kwa mamia ya miaka, kila mtu anakuwa ndugu wa kila mtu kwa njia nyingi nyembamba. Utafiti wa mwaka 2017 uliopima makundi 263 ya Asia Kusini ulikuta 81 yenye alama ya kutokana na waasisi wachache iliyo kali kuliko ya Wafini au ya Wayahudi wa Ashkenazi (wenye asili ya Ulaya). Sababu yake ni mfumo wa tabaka, ambao uliwakataza watu kuoa nje na ambao bado unawaumiza. Matokeo kwenye skrini yako: mtu wa sentimogani 60 anaandikwa kama kilembwe mwenzio, kumbe koo zenu zimekutana mara 10 huko nyuma, kila mara kwa kipande kidogo. Ndoa za mabinamu huongeza tatizo lilelile.

Usitazame jumla peke yake. Tazama urefu wa kipande kirefu kuliko vyote. Jumla ya 60 yenye kipande kimoja cha 45 inastahili barua. Jumla ya 60 iliyosambaa vipande vya 8 na 9 iache ilale. AncestryDNA huonyesha urefu wa kipande kirefu, lakini haikuonyeshi kipo wapi. Kwa hilo pakua faili lako ghafi, lenye nukta zako zote zilizosomwa, ulipeleke GEDmatch (tovuti ya kulinganisha faili za kampuni mbalimbali) au FamilyTreeDNA, ambako unaweza kulinganisha kipande kwa kipande. Na mpime aliye mzee kuliko wote kwanza, kwa ridhaa yake. Bibi yako yuko vizazi 2 karibu zaidi na jibu, na wewe umebeba nusu ya nusu tu ya alichonacho.

Kwa watoto walioasiliwa kutoka Korea kipimo hiki kina uzito ambao siwezi kuupunguza. Korea Kusini ilipeleka nje watoto wapatao 200,000 tangu miaka ya 1950. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo, baada ya malalamiko 367 ya walioasiliwa, ilitamka kwamba serikali inawajibika kwa ukiukaji wa haki zao: watoto wenye wazazi waliandikishwa kama yatima, majina yalibadilishwa, mtoto mmoja alipewa karatasi za mwingine. Katika kundi la kwanza watu 56 walitambuliwa kuwa waathirika. Mtu ambaye faili lake limeandikwa uongo hana karatasi ya kuirudia, na mate yake huwa ndiyo hati pekee isiyoghushiwa.

Hata hivyo usitarajie kumkuta mama kwenye AncestryDNA. Wazazi walioko Korea kwa sehemu kubwa hawamo kwenye hifadhi za kampuni za Marekani. Anayetokea ni binamu ambaye wazazi wake walihamia Los Angeles, au ndugu wa tumbo moja aliyeasiliwa nchi nyingine. Kwa hiyo jiweke kwenye hifadhi nyingi kadiri unavyoweza, na sambamba na hapo tumia njia ya serikali: tangu 2020 walioasiliwa ambao rekodi zao hazitaji wazazi wanaweza kutoa DNA kwenye balozi za Korea, ilinganishwe na ya wazazi waliojitokeza polisi. Lazima utoe sampuli mpya. Faili la kampuni halipokelewi huko. Kwa waliotoka China, ambako zaidi ya watoto 160,000 waliasiliwa nje kuanzia 1992 hadi mpango ulipofungwa 2024, hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa sheria ya huko inadhibiti utoaji wa DNA nje ya nchi na wazazi wanaotafuta hujiandikisha kwenye hifadhi za ndani.

Vizazi vya vibarua wa mikataba wafanye kinyume: karatasi kwanza, mate baadaye. Watu 152,184 walioingia Natal kati ya 1860 na 1911 waliandikwa mmoja mmoja kwa namba, jina la baba, umri, tabaka na kijiji. Kumbukumbu za Mauritius zimehifadhiwa Moka, kwenye Mahatma Gandhi Institute. Vitabu hivyo viliandikwa ili watu wasitoroke mashambani, na makarani waliandika majina kama walivyoyasikia, kwa hiyo tafuta kwa namba ya kibarua kwanza, jina liwe la pili. Namba hiyo mara nyingi ipo kwenye cheti cha ndoa au cha kuzaliwa cha kizazi kilichofuata. Kijiji kilichoandikwa humo kina thamani kuliko asilimia yoyote.

Sasa hatari, na hapa naomba usome taratibu. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za 23andMe kwa kutumia nywila zilizoibwa kwingine, na kupitia kipengele cha kuonyesha ndugu wakachukua taarifa za watu milioni 6.9. Orodha walizozitangaza kuuza zilichambuliwa kwa asili: Wayahudi wa Ashkenazi, na watu wa asili ya China. Hilo lilitokea wakati ambapo mashambulizi dhidi ya watu wa sura za Asia Mashariki yalikuwa bado ni jeraha bichi Marekani. Machi 2025 kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika, na mali zake, data zikiwemo, zikanunuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi inayoongozwa na mmoja wa waanzilishi wake, Anne Wojcicki.

Sheria haikukingi kote. Ile ya Marekani ya 2008 inawazuia bima ya afya na waajiri kutumia vinasaba vyako; bima ya maisha haimo. FamilyTreeDNA ilikiri 2019 kwamba iliruhusu FBI kuitumia hifadhi yake, na mwaka huohuo jaji wa Florida aliwafungulia polisi GEDmatch nzima, pamoja na waliokuwa hawajaridhia. Uingereza iliomba radhi 2018 kwa kuwashurutisha waombaji wa uhamiaji watoe DNA, wakiwemo watoto wa Wagurkha (askari wa Kinepali wa jeshi lake) na Waafghani waliowahi kuifanyia kazi. Kwa Mwuighuri, Mwislamu wa jimbo la Xinjiang huko China, hali ni nzito kuliko zote: tangu 2017 mashirika ya haki za binadamu yameeleza jinsi mamlaka za Xinjiang zilivyokusanya DNA ya wakazi kwa wingi. Aliye ughaibuni akiweka mate yake hadharani amewaweka na jamaa waliobaki. Kwake ushauri wangu ni mmoja: asipime.

Anayepima achague hivi. AncestryDNA kwanza, kwa sababu ina watu zaidi ya milioni 25 na haipokei faili za kampuni nyingine, hivyo njia pekee ya kuingia ni kununua kipimo chake. Likija faili ghafi, lipeleke kwingine kunakopokea. Masharti hubadilika, soma ya siku hiyo. MyHeritage inafaa kwa anayetafuta ndugu Ulaya. Usilipie uanachama wa mwaka kabla hujapata ndugu wa zaidi ya sentimogani 90, kwani orodha yenyewe huonekana bila huo. Jisajili kwa herufi za mwanzo badala ya jina kamili, kwa barua pepe ya pekee na nywila isiyotumika kwingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Ridhaa ya utafiti ni swali la pembeni kabisa na kipimo. Unaweza kuikataa na majibu yakaja vilevile.

Ukimaliza kazi yako, kumbuka kufuta ni mambo matatu tofauti: kufuta majibu, kuomba sampuli iteketezwe, na kuondoa ridhaa ya utafiti. Kuondoa programu kwenye simu hakufanyi hata moja. Pakua faili ghafi kabla ya kuanza, hifadhi barua pepe ya uthibitisho wa kila hatua, na ujue kwamba tafiti zilizokwisha kutumia data yako hazirudishwi nyuma, na maabara hubaki na rekodi fulani kwa matakwa ya sheria.